Tuko sita, hatuna kinanda, na kila wimbo unaishia chini ya ulipoanzia. Tuanzie wapi?

Sauti_Sita:

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada wa wanaolijua jambo hili kwa undani.

Tuna kikundi cha watu sita wanaoimba bila ala yoyote: soprano wawili, alto mmoja, tenor wawili na besi mmoja (kutoka sauti ya juu kwenda ya chini). Wote tumetoka kwenye kwaya kubwa, ambako kila sauti ina watu kumi na kuendelea na kinanda kinashikilia kila kitu. Hapa tumekwama kwa mambo manne:

1. Tunashuka. Wimbo wa beti tatu tukiuanza kwenye G, ubeti wa tatu unaishia F# (noti inayofuata chini yake kwenye kinanda) au chini kidogo ya hapo. Nyimbo za taratibu ndizo mbaya zaidi.
2. Sauti haziungani. Soprano wawili wanasikika kama watu wawili, na tenor hivyo hivyo.
3. Asipokuja mmoja, mazoezi hayaendi.
4. Kila mtu ni mwalimu. Wimbo ukisimama, wote sita wanasema kwa pamoja.

Tunafanya mazoezi mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara. Solfa (do, re, mi) wote tunasoma, noti za mistari wanasoma wawili tu. Tuanzie wapi?

---

MwalimuSolfa:

Mkuu, anzeni na la kwanza. Ndilo gumu kuliko yote, na mkilitibu vizuri, sehemu ya la pili itaondoka nalo.

Kabla ya dawa, pimeni. Wekeni simu katikati yenu, imbeni beti zote tatu bila kusimama huku mkirekodi, kisha sikilizeni na mlinganishe mwisho wa kila mstari na programu ya kupima sauti. Nusu toni moja imegawanywa senti 100, na programu nyingi zinaonyesha mmepungukiwa senti ngapi. Andikeni namba hizo pembeni mwa karatasi ya wimbo. Mtaona moja kati ya sura mbili:

Sura ya kwanza: mnashuka kidogo kidogo, senti 3 hapa, 5 pale, mstari baada ya mstari. Hapo tatizo ni pumzi, mwili na irabu.

Sura ya pili: mnakwenda vizuri mistari miwili, kisha mnaanguka senti 20 kwa mpigo, na kila mkirudia ni pale pale. Hapo kuna hatua moja ambayo mtu fulani anaikosea, au mfuatano wa kodi (noti kadhaa zinazoimbwa kwa pamoja) ndio unaowashusha.

Dawa zake hazifanani. Ndiyo maana ushauri wa "ongezeni nguvu" unamponya mmoja na kumharibu mwingine.

Kwa sura ya kwanza, angalieni mambo haya kwa mpangilio huu:

Noti zinazorudiwa. So-so-so-so kwenye mstari mmoja, kila so inakuwa chini ya iliyotangulia. Mwimbaji aiwaze kila moja kama noti mpya anayoifikia kutoka juu. Kosa hili huwa la alto na tenor zaidi, kwa sababu wao ndio hupewa mistari isiyotembea.

Hatua za kupanda na kushuka. Sauti ya binadamu ikipanda hupiga hatua fupi, ikishuka hupiga hatua ndefu. Kwa hiyo kila mkienda juu na kurudi mnarudi chini ya mlipotoka. Fanyeni zoezi la do-re-mi-fa-so-fa-mi-re-do polepole, mtu mmoja akishikilia do wakati wote. Wa kuangalia zaidi ni re ya kurudi na ti ya chini ya do.

Mwisho wa pumzi. Silabi mbili za mwisho wa mstari huimbwa na mapafu yaliyokwisha. Tiani alama ya pumzi mapema zaidi, hata kama mtu anaona bado anaweza kuendelea. Mbavu zibaki zimepanuka mpaka noti ya mwisho ikatike. Zikianguka, sauti inaanguka nazo.

Kuimba kwa sauti ndogo. Watu wakiambiwa wapunguze sauti hupunguza na msukumo wa pumzi. Sauti ndogo inadai mwili ufanye kazi zaidi.

Kukaa. Mkikaa, kaeni kwenye ukingo wa kiti, nyayo zote chini. Na walau theluthi ya mazoezi iwe mmesimama.

Halafu kuna ufunguo wenyewe, yaani noti mnayoifanya do. Wimbo unaokataa kutulia kwenye F mara nyingi hutulia kwenye F# au hata E. Kila sauti ina mahali inapobadilika kutoka ya kifua kwenda ya kichwa. Kwa tenor wengi ni kati ya D na F# iliyo juu ya C ya kati (ile ya katikati ya kinanda). Melodia ikizungukazunguka hapo hapo, mwimbaji anasitasita na noti inalegea. Sogezeni wimbo nusu toni juu, mpime tena, kisha nusu toni chini, mpime tena. Ni jaribio la dakika kumi tu, na hakuna kinachookoa muda mwingi kuliko hilo.

Sura ya pili inahitaji maelezo marefu kidogo.

Kinanda kimegawanywa sawasawa ili kiweze kupiga funguo zote, na kwa sababu hiyo kodi zake haziko safi kabisa. Sauti za watu zikiachwa huru hutafuta usafi. Mi iliyo safi juu ya do iko karibu senti 14 chini ya ile ya kinanda. So iliyo safi iko senti 2 tu juu ya ya kinanda. Kwenye kodi ya minor (yenye mlio wa huzuni), noti ya katikati iliyo safi iko karibu senti 16 juu ya ya kinanda. Mkizipata hizi, kodi inalia: mnasikia noti za juu ambazo hakuna anayeziimba.

Shida inakuja kodi zikifuatana. Chukueni mfuatano wa kodi za do, la minor, re minor, so, kurudi do. Kila mmoja akishikilia kwa uaminifu noti yake inayobaki kutoka kodi moja kwenda nyingine, na kila kodi ikawa safi, mtafika do ya mwisho mkiwa karibu senti 22 chini ya do ya kwanza. Hakuna aliyekosea. Ni hesabu tu. Mfuatano huo ukirudi mara nne au tano ndani ya wimbo, nusu toni imeondoka. Nina shaka kubwa kwamba G yenu inakuwa F# kwa njia hii, hasa kama nyimbo zenu zinapenda kuzunguka hivyo.

Dawa yake iko kwenye re minor. Aliye na la kwenye kodi ya pili na ya tatu asiishikilie kama ilivyo, aiinue kidogo sana anapoingia kodi ya tatu. Na besi akienda re, aipime kutokana na so inayokuja, asiipime kutokana na la aliyotoka. Weka mshale mdogo wa kwenda juu kwenye karatasi za hao wawili, kwenye noti hiyo tu.

---

AltoWaKati:

MwalimuSolfa amemaliza upande wa hesabu, naomba niongeze upande wa kuifanya kazi.

Sikubaliani na wanaoweka kinanda kikilia wakati wote wa mazoezi ili watu wasishuke. Kinanda kinawazoesha kusubiri noti badala ya kuitengeneza, na mi yake iko juu, kwa hiyo kinapigana na kodi yenu. Kitumike kutoa sauti mwanzoni na kukagua mwishoni. Katikati, anayeshikilia awe mtu.

Zoezi la kila siku, dakika nane hivi:

Besi ashikilie do kwa irabu "u", sauti ya wastani, akivuta pumzi anapohitaji. Tenor mmoja aweke so juu yake. Sikilizeni kama kuna mawimbi, ile hali ya sauti kuvimba na kusinyaa. Tenor asogeze kidogo kidogo mpaka mawimbi yaishe kabisa. Hapo ndipo alto aingie na mi, akianza juu kama ya kinanda na kuteremka taratibu mpaka kodi itulie. Asiharakishe. Kisha soprano aweke do ya juu. Shikeni hapo sekunde tano bila mtu kubadilisha kitu. Kisha badilishaneni noti, ili kila mmoja aonje kuwa mi. Wanaojua mi ni kazi gani huacha kumlaumu alto.

Baada ya hapo chukueni sehemu ngumu ya wimbo na muimbe wawili wawili: besi na soprano wa kwanza kwanza, kwa sababu hao ndio ukuta wa nje. Wakisimama imara, ongeza alto. Kisha tenor. Mkianguka alipoongezwa mtu fulani, mmejua pa kutazama, na hapo msimwambie "umekosea", mwambieni noti: "re ya kwenye neno la tatu iko chini."

Kuhusu kuungana: irabu kwanza, mengine baadaye. Tuna irabu tano tu, a, e, i, o, u, na hilo ni faida kubwa, lakini watu sita wanaweza kuwa na "a" sita. Kubalianeni umbo. "A" iwe na taya lililoshuka, vidole viwili vya kulaliana viingie kati ya meno, midomo isivutwe pembeni. "A" iliyotandazwa kama tabasamu hushuka na husikika kali. "E" hukosewa kwa namna hiyo hiyo. "I" ikibanwa kwa meno hutoboa juu ya wenzake. Weka midomo ya "u" kwa mbali huku ulimi ukisema "i", itaungana. Imbeni mstari mzima kwa irabu zake tu, bila konsonanti, mpaka isisikike nani ni nani. Kisha rudisheni maneno.

Konsonanti zina sheria moja: irabu ndiyo inayoangukia kwenye pigo, konsonanti inatangulia. Mtu mmoja akiweka "s" kwenye pigo na mwingine kabla ya pigo, kwenye kwaya ya arobaini haionekani. Kwa watu sita inasikika kama mtu amechelewa.

Na msisahau "m" inayosimama peke yake kama silabi, kama kwenye mtu, mtoto, mpenzi. Ikipewa noti, ile "m" ni noti kamili. Mdomo umefungwa, kwa hiyo sauti inapungua ghafla, na wengi wanaimeza. Wote mfunge midomo kwa wakati mmoja, meno yaachane ndani, na muipe nguvu zaidi ya mlivyozoea.

---

BesiNaBaritoni:

Mkuu Sauti_Sita, tazama mgawanyo wenu. Soprano wawili, alto mmoja, tenor wawili, besi mmoja. Mkiimba wimbo wa sauti nne kwa mgawanyo huo, soprano wawili wanaimba noti moja na tenor wawili noti moja. Watu wawili kwenye noti moja ndiyo hali ngumu kuliko zote. Mtu mmoja hana wa kugongana naye. Watatu au zaidi, tofauti zao zinafunikana. Wawili wakitofautiana senti chache tu, mawimbi yanasikika mpaka nyuma ya ukumbi. Umesema mwenyewe kwamba wanaosikika kama watu wawili ni soprano na tenor. Siyo kwamba hawajui kuimba, wamewekwa mahali pagumu.

Njia ni mbili.

Ya kwanza ni kuwafanya waungane kweli. Wasimame bega kwa bega, waimbe noti moja kwa "u" bila kutikisa sauti, mmoja kwanza, wa pili aingie chini yake kwa sauti ndogo zaidi, akipandisha mpaka aanze kupotea ndani ya mwenzake. Kisha wabadilishane upande, kulia na kushoto. Mara nyingine upande pekee unaleta tofauti, maana kila mtu husikia zaidi kwa sikio moja. Asiyemsikia mwenzake anaimba kwa sauti kubwa mno.

Ya pili, ambayo naipendelea kwa kikundi cha sita, ni kutenganisha mistari. Kila mtu awe na mstari wake. Soprano wa kwanza melodia, soprano wa pili chini yake, alto, tenor wa kwanza, tenor wa pili ashushwe awe baritoni (sauti iliyo kati ya tenor na besi), kisha besi. The King's Singers wa Uingereza, walioanza mwaka 1968, wamekuwa sita tangu hapo, na hakuna sauti ya ndani iliyoachwa bila kazi yake. Tazameni pia Ladysmith Black Mambazo wa Afrika Kusini: sauti za juu ni chache na besi ni wengi, ndiyo maana kodi zao zinakaa chini na kutulia. Nyinyi mmefanya kinyume, juu wawili, chini mmoja. Baritoni atampa besi mgongo.

Mkipanga mistari sita, shikeni haya:

Noti ya msingi wa kodi ndiyo inayovumilia kuimbwa na wawili, kisha so. Mi iimbwe na mtu mmoja tu, na aimbe kwa sauti ndogo kuliko wenye do na so. Mi mbili zenye nguvu zinaharibu kodi yote.

Kati ya soprano na alto, na kati ya alto na tenor, pasizidi oktava moja (kutoka do hadi do inayofuata). Kati ya besi na anayemfuata panaweza kuwa pana zaidi, na ni vizuri pawe pana.

Msiweke do na mi karibu karibu kule chini. Chini ya C iliyo oktava moja chini ya C ya kati, noti mbili zilizokaribiana zinanguruma tu, hazieleweki.

Mipaka salama kwa waimbaji wa kawaida: besi kutoka E ya chini hadi C ya kati, tenor kutoka C iliyo chini ya C ya kati hadi G iliyo juu yake, alto kutoka G iliyo chini ya C ya kati, kwenda juu oktava moja na noti tatu au nne, soprano kutoka C ya kati hadi A ya oktava ya pili. Wimbo usikae kwenye mipaka hiyo, upite tu.

Na mkazo wa maneno. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito likiangukia silabi ya mwisho, msikilizaji anasikia wimbo uliovaa maneno ya kuazima. Mnaopanga wenyewe mna nafasi ya kurekebisha, itumieni.

Sasa pumzi. Mkiwa mstari mmoja kwa mtu mmoja, hakuna wa kukuzibia. Kwa hiyo pumzi zipangwe kwenye karatasi kama noti zinavyopangwa. Besi avute pumzi pale baritoni anaposhikilia noti ndefu. Alto avute pale soprano wa pili anapotembea. Msivute pumzi wote kwa pamoja mwisho wa mstari, isipokuwa mnataka kimya hapo. Mahali pazuri pa kuiba pumzi ni katikati ya irabu ndefu: punguza sauti, nyamaza, vuta, rudi kwa sauti ndogo kwenye irabu ile ile. Usirudi na konsonanti.

---

Sauti_Sita:

Nashukuru sana wote. Hili la watu wawili kwenye noti moja hatukuwahi kulifikiria. Nina maswali matatu ya nyongeza. Besi wetu akishuka E au F ya chini hasikiki kabisa. Halafu tumealikwa ukumbi wa watu kama mia mbili, wanatuuliza tunataka maiki ngapi. Na bado sijapata jibu la namba 3 na 4.

---

FundiMitambo:

Nijibu la maiki na la besi pamoja, kwa sababu yanahusiana.

Kwanza ulizeni kama ukumbi una mwangwi mzuri na utulivu. Watu mia mbili wakiwa kimya, ndani ya chumba chenye kuta ngumu na dari refu, hawahitaji maiki. Pigeni kofi moja katikati ya ukumbi mtupu. Mkisikia mkia wa sekunde moja hivi, imbeni bila mitambo, mkisimama nusu duara iliyobanana, umbali wa mkono kati ya mtu na mtu, besi na anayeongoza wakiwa katikati. Kumbukeni watu wakijaa, mwangwi unapungua.

Kama ukumbi una mazulia, mapazia au feni nyingi, tumieni maiki, na mchague moja ya njia mbili.

Maiki mbili nyeti za kusimama mbele, umbali wa mita moja hivi kutoka midomoni, bila spika za kuwarudishia sauti nyinyi wenyewe. Uwiano mnautengeneza wenyewe kwa masikio. Sauti inakuwa ya asili, lakini haiwezi kuongezwa sana, ikizidi inapiga mluzi.

Au maiki sita za mkononi, zote za aina moja. Shikeni sentimita 3 hadi 5 kutoka midomoni, na umbali huo usibadilike. Msishike kichwa cha maiki kwa kiganja, mnaharibu jinsi inavyopokea na mluzi unaanza. Hapa uwiano anautengeneza fundi, kwa hiyo fundi aje mazoezini au apewe karatasi: wimbo gani, nani anaongoza, nani ana mi, wapi pana solo.

Mwambieni fundi akate sauti za chini ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) kwenye maiki zote isipokuwa ya besi. E ya chini ya besi iko kwenye hezi 82 hivi. Fundi akikata maiki zote sawasawa, kama wengi wanavyofanya kwa mazoea, anamkata besi wenu kwenye noti zake za maana. Besi asogee maiki karibu zaidi, sentimita 1 au 2, kwa sababu maiki za aina hiyo huongeza uzito wa chini mdomo ukikaribia.

Spika za kurudishia sauti: ziwe nyuma ya maiki, upande ambao maiki haipokei. Ndani yake wekeni besi na melodia kwa wingi, wengine kidogo, na mwangwi wa mitambo usiwekwe humo. Mwangwi ukirudi masikioni mwenu ndio mtashuka zaidi.

Kupima sauti kuanze na besi peke yake, kisha baritoni, mkipanda mpaka soprano. Malizieni na kipande chenu chenye kelele kuliko vyote, siyo cha polepole.

---

BesiNaBaritoni:

Kwa besi bila maiki: noti ya chini haiongezwi kwa kusukuma. Akisukuma, koo linakaza na inapotea kabisa. Alegeze taya, asishushe kidevu kifuani, atumie "o" au "u" kuliko "a", na wenzake wapunguze pale. Ikibaki haisikiki, pandisheni wimbo toni moja, au baritoni aimbe noti hiyo hiyo oktava moja juu kwa sauti ndogo. Msikilizaji atadhani besi ameongezeka. Na msipange E ya chini baada ya mstari wa juu bila pumzi katikati. Sauti inahitaji muda wa kutulia.

---

AltoWaKati:

Namba 3. Kila mmoja ajue mstari wake na mmoja wa jirani, kwa kila wimbo. Soprano wa pili ajue alto, alto ajue soprano wa pili, tenor ajue baritoni, baritoni ajue besi. Nusu saa ya mazoezi moja kwa wiki iwe ya kubadilishana mistari. Faida ya pili ni kwamba ukishaimba mstari wa jirani unaanza kumsikiliza.

Mkiwa watano, jueni noti ya kuacha. Kwenye kodi, so ndiyo ya kuachwa kwanza, sikio linaijaza lenyewe. Msiache mi, kwa sababu hapo hakuna anayejua kama ni major (yenye mlio wa furaha) au minor. Noti ya msingi ibaki kwa besi. Kwa hiyo anayehama ni yule aliyeshika so, anakwenda kuziba pengo. Pangeni hilo kwa kila wimbo na muandike kwenye karatasi, msisubiri siku mtu anaumwa.

Wekeni pia nyimbo tatu au nne zinazoimbika na watu wanne tu. Besi akikosekana, msijaribu nyimbo zenye besi inayotembea; fanyeni kazi ya irabu na maneno siku hiyo.

Namba 4. Kila wimbo uwe na mwenyewe mmoja. Anaamua mwendo, pumzi, mahali pa kuongeza na kupunguza. Wimbo mwingine, mtu mwingine. Wimbo ukisimama, anazungumza yeye kwanza. Wengine waandike kwa penseli na waseme baada ya kuimba mara tatu. Nusu ya makosa yanakuwa yamejirekebisha. Ubishi wa "ulishuka, sikushuka" unaamuliwa na rekodi, siyo na mwenye sauti kubwa.

Saa zenu mbili zigawanyeni hivi: dakika 10 mwili, pumzi na kupasha sauti, 10 zoezi la kodi nililotaja, 40 wimbo mpya, vipande vya vipimo (mafungu ya mapigo) vinne hadi vinane, wawili wawili kisha wote, pumziko la dakika 10 na maji, 30 kurekebisha sehemu zilizowekewa alama kwenye nyimbo za zamani, 20 za mwisho imbeni nyimbo mbili au tatu mwanzo hadi mwisho bila kusimama, mkirekodi. Kuimba wimbo mzima mara tano mfululizo siyo mazoezi. Mnakaza makosa yale yale.

Atakayekosa atoe taarifa siku mbili kabla. Mapato na gharama andikeni mapema, kabla fedha haijaingia: kiasi gani cha nauli, kiasi gani cha kikundi, kinachobaki kinagawanywaje, na anayepanga nyimbo analipwa au halipwi.

Mtu akikauka sauti, asinong'one. Kunong'ona kwa nguvu kunachosha koo. Anyamaze, anywe maji, afuate mazoezi kwa macho na karatasi. Ukavu ukizidi wiki tatu aende kwa daktari.

---

Sauti_Sita:

Hapa nimepata kazi ya miezi. La mwisho kabisa: nani atoe sauti mwanzoni, na atoe noti moja au kila mtu apewe yake?

---

MwalimuSolfa:

Atoe mtu mmoja yule yule kwa nyimbo zote, mwenye utulivu, siyo lazima awe mwenye sauti nzuri. Awe na filimbi ndogo ya kupimia au simu iliyowekwa kwenye hali ya kimya, na aisikilize sikioni wakati watu bado wanapiga makofi.

Mazoezini atoe do peke yake, na kila mtu atafute noti yake kichwani bila kutoa sauti. Mkizoea, jukwaani itatosha. Kwa nyimbo zinazoanza na kodi ngumu, atoe do, kisha kila mmoja aguse noti yake kwa sauti ndogo mdomo ukiwa umefungwa, kutoka besi kwenda juu, sekunde moja moja. Kama wimbo unaanza na noti isiyo do, bado atoe do kwanza, ili masikio yajue nyumbani ni wapi.

Kisha muwe na kimya cha kuhesabu mbili. Mwenye wimbo anavuta pumzi kwa mwendo ule ule wa wimbo, na pumzi hiyo ndiyo ishara. Wimbo wa taratibu, pumzi ya taratibu. Wote wavute naye, midomo ikiwa tayari kwenye umbo la irabu ya kwanza. Mkiingia vibaya kwenye kodi ya kwanza, msiendelee kwa matumaini kwamba itajirekebisha. Simameni, atoe do upya, muanze tena. Wasikilizaji watasahau hilo kabla ya ubeti wa kwanza kuisha.